Kikombe Kimoja

Siku ya arobaini na moja tangu iwake nyekundu, taa ya Shekue iligeuka kijani.

Kila mwenye virusi vya malengelenge ya mdomo alivaa taa ile kifuani, ndiyo sheria. Virusi vikiamka, hata kabla kidonda hakijatoka, iliwaka nyekundu, na hapo ilikuwa marufuku kubusu mtu wala kuchangia naye kikombe. Daktari aliwaambia kwamba hata wasiwasi huviamsha. Basi Shekue akawa na wasiwasi wa kuwa na wasiwasi, na taa ikang'ang'ania wekundu wake.

Mkewe, Mwantumu, hakuacha kumwomba Mungu. Tangu waoane walikuwa wakinywa chai ya asubuhi kikombe kimoja, wakipokezana, na chai ya peke yake haikumshuka.

“Mama Zaina, njoo uone!” Shekue aliita, sauti ikimtetemeka kama ya bwana harusi.

“Alhamdulillahi!”

Mwantumu alikimbilia jikoni, akaficha kikombe cha pili nyuma ya masufuria, akamimina chai ya tangawizi. Shekue akapiga funda moja, akampa.

“Kunywa, mke wangu. Vimelala.”

“Nakunywa, Baba Zaina.”

Alitaka kunywa. Wallahi alitaka. Lakini vidole vyake vilikuwa vikikizungusha kikombe taratibu, vikitafuta upande ambao mdomo wa mumewe haukuugusa, na Shekue alikuwa akivitazama.

Kifuani pake, kijani kikaanza kufifia.