Doa la Kushoto

"Kushoto," alisema Mzee Verlin, mdomo umejaa mayai na pilipili ya kijani. "Hilo la kulia limekufa, Dokta. Maiti hailipuki."

Dokta Ximena Baca akamshukuru, akafunga mlango wa karakana, kisha akapanda ngazi mbio kwenda kuielekeza darubini kulia.

Ilikuwa siku yake ya mwisho kwenye kituo cha kutazama Jua, juu mlimani. Miaka mitatu alitafuta kitu kimoja tu: sekunde za kwanza za mlipuko wa Jua, pale hasa unapoanzia. Lakini darubini kubwa huona kipande kidogo cha Jua, kwa hiyo kila asubuhi unachagua doa moja jeusi na kumwomba Mungu. Ximena alichagua vibaya kila mara. Leo akikosa, utafiti wake umekwisha.

Jana wenzake wa zamu walimwonea huruma, wakamtobolea siri ya kituo.

"Muulize Verlin, yule anayepaka grisi magurudumu ya kuba la darubini. Akisema kushoto, wewe nenda kulia. Miaka kumi na minane hajapatia hata siku moja!"

"Hata kwa kubahatisha?"

"Hata kwa kubahatisha! Na anavyojitahidi, masikini. Kila alfajiri anatazama Jua kwa kioo cha kuchomelea vyuma, anaandika kwenye daftari lake. Alipoajiriwa alikuwa anatushauri bila kuulizwa. Nani amsikilize mtu wa grisi? Siku hizi tunamfuata wenyewe."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Saa sita na dakika tano, doa la kulia likameta. Uzi mwembamba wa mwanga ukajikunja, ukakatika, na wingu la gesi kubwa kuliko Dunia likarushwa angani. Darubini ilinasa yote, tangu cheche ya kwanza. Chumba kizima kikapiga kelele. Ximena alilia bila kuona haya.

Ila alipotulia, aibu ikamshika. Amemfanya mzee wa watu dira mbovu, tena akamshukuru kwa unafiki. Akachukua pai ya tufaha nzima kantini, akashuka karakana kumwomba radhi.

Verlin hakuwepo. Daftari lilikuwa wazi mezani, miwani juu yake. Ximena akasoma mstari wa mwisho, ulioandikwa alfajiri ile:

"Doa la kulia, kama saa sita hivi. Dokta akija kuuliza, nimwambie kushoto."