Ndani ya Divisheni

“Msitarajie msaada kutoka kwetu,” alisema Orville Tackett, akatema ganda la mbegu ya alizeti kwenye kikombe cha karatasi. “Sisi wa timu ya Kunguru hatuwauzii Waashi mchezaji. Afadhali tumtupe mtoni.”

Darlene Kuczma hakufumbua macho. Mirija miwili ilitoka mkononi mwake kwenda kwenye mashine, mmoja ukitoa damu chafu, wa pili ukiirudisha safi. Kila kikao kilichukua saa nne, vikao vitatu kwa wiki, na huu ulikuwa mwaka wa tatu. Daktari alikwisha kumwambia bila kuzungukazunguka: mishipa yake imechoka. Asipopata figo kabla ya theluji kuanguka, mashine haitamfaa tena.

“Nani kakuomba msaada, mzee?” alisema. “Soma msimamo wa ligi.”

Orville alikunjua gazeti. Ilikuwa Jumatatu ya pili ya Julai, na msimu wa besiboli ulikuwa umefika katikati: mechi themanini na moja zimekwisha, themanini na moja zimebaki. Katika divisheni yao, kundi la timu tano, Kunguru walikuwa wa kwanza. Waashi, timu ya Darlene tangu enzi za kubebwa mabegani na baba yake, walikuwa wa nne.

“Nyangumi wamezeeka, Agosti watakata pumzi. Farasi Wekundu wanajua kupiga, kudaka hawajui. Wale wa mwisho tuwaombee tu. Na nyinyi…” Alishusha gazeti. “Mrushaji wenu anarusha mpira kama anawamwagia kuku mahindi.”

“Mwaka jana aliwanyamazisha hao Kunguru wako mechi nzima.”

“Mwaka jana hata mke wangu alikuwa hai.”

Joyce Tackett alikuwa akikaa kwenye mashine ya jirani. Alifariki mwezi Machi, angali anasubiri figo. Orville aliendelea kuja kila Jumatatu na gazeti lake, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia asije.

“Miaka thelathini na moja,” alisema baadaye, kama anayejisemea, “mimi na Joyce hatukupatana kwa lolote. Timu, chumvi ya supu, hata kundi la damu.”

Rochelle, muuguzi, alikuja kukagua mashine. Besiboli hakuijua, lakini mabishano yao aliyapenda.

“Mzee, si ulisema mna mrushaji wa ziada, anakaa benchi tu? Kwa nini msiwape hawa?”

“Ndani ya divisheni?” Orville aliweka mkono kifuani kama mtu aliyetukanwa. “Binti, timu ya mbali unaiuzia. Mpinzani wa divisheni yako mtakutana msimu mzima. Umpe mkono wa kukuchapia?”

“Kwani sheria inakataza?”

“Sheria haikatazi. Aibu ndiyo inakataza.” Alimsogezea Darlene pakiti ya mbegu, kisha akaivuta haraka. “Aa, nilisahau. Wewe umekatazwa.”

“Shetani mkubwa wewe,” alisema Darlene, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

Wiki iliyofuata simu ililia. Figo imepatikana. Mwenye kuitoa yuko hai, vipimo vyake vyote vimekubali, na hataki jina lake litajwe. Operesheni ni tarehe mbili Agosti.

Darlene alikwenda kukaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Alikuwa amechoka hata kulia. Gene, mdogo wake, dereva wa lori la masafa, alikwenda kupimwa mwezi Mei kama angeweza kumpa figo, na tangu hapo hakuligusa tena jambo hilo. Sasa alielewa kwa nini. Alimpigia, simu haikupokewa. Gene ndivyo alivyokuwa, ukimshukuru anakimbia.

Kliniki, kiti cha Orville kilikuwa kitupu. Kilikuwa kitupu Jumatatu ile, na Jumatatu iliyofuata. Kunguru walikuwa wamechapwa mechi sita mfululizo.

“Amejificha,” Darlene alimwambia Rochelle. “Wakishinda haachi kunisimanga. Wakipigwa, hata kuniaga hakuna.” Alishangaa kuona jinsi jambo hilo lilivyomuuma.

Rochelle aliinama kurekebisha mrija.

Siku ya pili baada ya operesheni, Darlene alipoweza kuketi kidogo, mlango ulifunguliwa. Gene aliingia na shada la maua ya dukani, akitembea wima, upesi upesi, kama mtu anayewahi basi.

“Polepole, mdogo wangu! Kidonda chako je?”

Gene alisimama katikati ya chumba. Alivua kofia, akaizungusha mikononi.

“Dada, mimi walinikataa Mei. Sukari. Nilishindwa kukwambia.”

Darlene alimtazama bila kuelewa. Bado alikuwa akimtazama Gene wakati muuguzi wa zamu alipoingia na kumwekea mapajani pakiti ya mbegu za alizeti, haijafunguliwa.

“Imetoka kwa mgonjwa wa chumba cha tatu,” alisema. “Kasema sasa unaruhusiwa kula.”

Pakiti ilikuwa imezungushiwa kipande cha gazeti chenye msimamo wa divisheni. Kunguru walikuwa wameshuka hadi nafasi ya tatu. Pembeni, kwa kalamu, mtu alikuwa ameandika: “Alikuwa wa ziada, anakaa benchi tu. Usiwaambie Kunguru wenzangu.”