Shibiri Iliyolegea

"Mama, umeniharibia zulia," nilimwambia fundi wa kuosha mazulia. "Hapa pamelegea!"

Alilipindua lile zulia la Nepali lililofumwa kwa mkono, akanishika kidole na kukipitisha mgongoni mwa zulia, juu ya mafundo ya nyuzi. Yalikuwa madogo, yamebanana kama punje za mtama. Kisha, kwa shibiri moja, yakawa makubwa, ya kusitasita.

"Maji hayalegezi fundo la mkono, mwanangu. Hapa kazi alishika mtu mwingine. Mfumaji mwenyewe sijui aliugua, sijui alijifungua."

"Au alikufa?"

"Usimzike bado. Endelea."

Kidole kikasonga. Punje za mtama zikaanza tena, zilezile.

"Amerudi," nilisema.

Ndipo nikaona nimekanyaga pindo la zulia. Nikavua viatu.