Mgeni wa Pili

"Leo nimeufungua ukurasa wake mara ya hamsini na mbili mwezi huu," Mzee Chande alisema, akiachia kipanya. "Sasa hawawezi kumfuta."

Kwenye skrini, marehemu mkewe Siwema alikuwa anacheka, ukili wa mkeka mkononi. Wakubwa wa halmashauri ndio waliompiga picha ile, wakaiweka kwenye tovuti yao wajivunie wasusi wao wa mikeka. Sasa walikuwa wametangaza kwamba ukurasa usiofikisha wageni hamsini kwa mwezi utaondolewa.

Zamda, karani wa tovuti hiyo pale ofisini, alivuta kiti. "Mzee wangu, hizo ni mara ulizofungua. Mgeni ni mmoja tu. Ni wewe."

"Yaani mwezi mzima napiga hodi, kumbe nahesabiwa mmoja?"

"Mtambo ndivyo unavyohesabu."

"Usiusingizie mtambo. Ni hao waliokaa juu. Akiwa mzima walimtaka kwa picha. Alipougua, hakuja hata mmoja."

"Basi nikuchapishie picha, ukae nayo nyumbani."

"Nyumbani nitamtazama na nani, mwanangu?"

Zamda alichukua kipanya. Alifungua sehemu inayoonyesha walioko ukurasani wakati huohuo. Hesabu ilikuwa moja: Mzee Chande mwenyewe. Ghafla ikawa mbili.

Mzee Chande aliinuka nusu. "Nani huyo?"

"Jina halionekani. Yuko mbali, nje ya mji."

"Bado yupo?"

"Bado anamtazama."

Mzee Chande alivua kofia, akajifunga kifungo cha shingoni, kisha akasogeza kiti chake pembeni taratibu, asimkinge Siwema machoni pa mgeni.