Injini Ikiwa Nzima

Mzee Kuwabara aliweka kiganja juu ya boneti kabla hata hajamaliza kumsalimia mwenye gari. Boneti ilikuwa ya baridi. Vizuri. Mtu akikupashia gari moto kabla hujafika, ujue kuna kitu anakificha.

Kando yake mwanawe Takuma alikuwa hasimami mahali pamoja. Gari lilikuwa hapo mbele yao, jekundu, la chini chini, lile lile alilobandika picha yake ukutani tangu akiwa shule ya msingi. Kwa ajili ya gari hilo, nyumba yao pale Hiroshima haikuwa na amani msimu mzima wa baridi. Mzee aliziunda injini za aina hii kiwandani mpaka alipostaafu, na alishikilia kwamba kununua moja iliyotumika ni kununua maradhi. Kijana akanuna, wakawa hawasemezani mezani. Mwishowe mzee akachoka, akatoa neno: injini ikiwa nzima, lichukue, sitakuzuia. Mkewe aliweka vijiti vyake vya kulia chini, akaondoka bila kumaliza wali.

Na Mzee Kuwabara hakuwa mtu wa kutoa neno akalimeza. Takuma alilijua hilo.

Mwenye gari, Bi Fusae, alikuwa mama wa watu asiyejua lolote la magari. Mumewe macho yalikuwa yameanza kumtupa, akaenda mwenyewe polisi kurudisha leseni, na asubuhi hiyo alikuwa kwenye kituo cha wazee. Bi Fusae aliwaletea chai na machenza kwenye sinia, akasimama pembeni.

Mzee alifungua rejeta, akanusa maji. Akachomoa kijiti cha oili, akakitazama juani. Injini hizi hazina pistoni. Ndani mna pembetatu ya chuma inayozunguka, na kwenye kila ncha kuna sili nyembamba ya kubana hewa isivuje. Sili zikilika, umenunua viti na rangi.

“Vipi, baba?”

“Nyamaza kwanza. Lala chini uangalie kutu.”

Akaingia, akazungusha ufunguo. Injini ikashika papo hapo. Ikatoa moshi kidogo, ukaisha, kisha mngurumo ukatulia, laini, bila hata kikohozi kimoja. Kule chini Takuma alikuwa anacheka peke yake. Mzee hakucheka. Alikaa ameinamisha kichwa, akisikiliza, na uso ukamparama. Takuma alipotoka uvunguni, mzee alilisogeza gari hatua chache nje ya kibanda chake cha kuegeshea, akalizima.

“Mume wangu huwa halizimi upesi hivyo,” Bi Fusae alisema. “Akishaliwasha, lazima alizungushe mpaka bandarini, hata kama...”

“Majirani, mama,” mzee alimkatiza kwa upole, akainama kidogo. “Leo Jumapili, watu bado wamelala.”

Bi Fusae akaona haya, akainama naye. Kweli, dirisha la jirani lilikuwa bado limefungwa.

Wakanywa chai. Mzee alimenya chenza taratibu mno, mpaka Takuma akatamani kumnyang’anya. Kisha akamrushia mwanawe ufunguo, akamwambia awashe mwenyewe.

Stata ililia. Ikalia tena. Injini ilizunguka haraka haraka, nyepesi, isishike. Takuma alijaribu na kujaribu mpaka betri ikaanza kuchoka na harufu ya petroli ikajaa uani. Bi Fusae aliapa kwamba gari halijawahi kumfanyia mumewe hivyo.

“Unasikia inavyozunguka?” mzee aliuliza. “Haina mgandamizo. Sili zimekwisha.”

“Lakini si imewaka sasa hivi?”

“Hata mgonjwa mahututi kuna asubuhi anaamka akaomba uji. Nimeziunda hizi, Takuma.”

Kijana hakubisha. Mwingine angetafuta fundi wa pili, lakini yeye hakuwahi kujifunza hata kubadilisha plagi; ya nini, alizoea kusema, na baba yupo? Alimrudishia Bi Fusae ufunguo kwa mikono miwili, akamshukuru, akaenda kukaa kwenye gari la baba yake, uso ameugeuzia dirishani. Alikuwa analia, mtu mzima na ndevu zake. Roho ilimuuma mzee njia nzima.

Kesho yake, Takuma akiwa kazini, Mzee Kuwabara alibisha mlangoni kwa Bi Fusae. Mkono mmoja alishika boksi la vitumbua vya maharage lililofungwa kwa karatasi nzuri, mkono wa pili mfuko wa spana. Aliinama chini sana, chini kuliko heshima ilivyodai.

Akazifungua plagi. Zilikuwa zimelowa chapachapa. Akazikausha, akachomoa fyuzi ya pampu, akaizungusha injini mpaka ikatema petroli yote, akarudisha kila kitu mahali pake. Gari likawaka. Likatoa wingu jeupe, kisha mngurumo ule ule wa jana, laini.

“Kumbe halijafa,” alisema Bi Fusae.

“Hizi ukizizima zikiwa bado baridi, zinafurika petroli. Basi, hakuna zaidi.”

Bi Fusae akamgeukia. “Na jana ulilijua hilo.”

“Nililijua.”

“Sasa kwa nini umemuumiza mtoto wako namna ile? Ngoja nimpigie simu aje alichukue.”

Mzee aliweka mkono juu ya simu ya Bi Fusae, polepole.

“Muuzie mwingine yeyote, mama. Injini ni nzima kabisa, nzima kama ile niliyomuundia kaka yake Takuma kwa mikono hii. Nilipomfikia kule bondeni gari lilikotumbukia, yeye alishakata roho; injini ilikuwa bado inanguruma.”