Mwakani, Mungu Akipenda

Kwa mwaka wa sita, Zaituni, mtafiti wa uchumi, alisimama mlangoni mwa kinu cha alizeti cha Mzee Kiduka, dodoso mkononi.

"Shikamoo, mzee. Biashara inakwendaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri, tunamshukuru Mungu."

Miaka yote alijibu hivyo, na wakamuaji mafuta wenzake vilevile, kwani katika mji ule kumweleza mgeni shida zako ni kujichuria, kujiitia mkosi. Zaituni aliandika alichoambiwa. Ripoti yake ikasema wakamuaji wamenawiri. Halmashauri ikaisoma, ikaongeza masharti ya leseni ambayo wenye vinu vidogo hawakuyaweza.

Sasa, nyuma ya mzee, wachukuzi wanne walikuwa wakiikokota mashine yake kuipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Mwakani utaongeza mashine?" Zaituni aliuliza, kwani ndilo lililokuwa swali la mwisho la dodoso.

"Ya pili, Mungu akipenda."

Kalamu ilikataa kushuka. Mzee alichukua ufagio, akaanza kufagia sakafu tupu, akilizunguka taratibu lile doa jeusi la mafuta mahali mashine ilipokuwa, asilikanyage.