Chungu Chenye Titi Moja

"Makalio haya ni ya nani mtaa mzima kama si yangu?" jirani alifoka, akikipiga kofi chungu kirefu chenye umbo la mwanamke mlangoni pa mfinyanzi. "Wapita njia wanacheka mpaka wanashika mbavu. Na titi umenipa moja tu, unikomeshe vizuri."

"Si wewe, mwenzangu."

"Ni nani basi?"

Mfinyanzi alikuwa amechoka kubishana. Aliushika mkono wa jirani kwa vidole vyenye udongo, akauweka kifuani kwake mwenyewe, upande wa kushoto. Chini ya gauni palikuwa bapa, na kovu lilipapasika.

Jirani hakuutoa mkono.

"Tangu lini?"

"Ile safari niliyosema naenda kwa shangazi."

"Na kupika, unapikaje?"

"Siku nyingine sipiki."

"Funga mlango. Twende kwangu tukale."